Friji Yetu na Dawa ya Kemi

Juzi jirani yangu alikuwa anaoza binti, na vijana wakaleta migomba miwili mibichi kuisimika langoni, kama watu wafanyavyo kwenye harusi. Nilipita wakati wanaichonga upande wa chini ili isimame vizuri. Harufu ikanifikia, ile ya maji ya mgomba, ubichi na udongo kwa pamoja, ambayo mtu aliyezaliwa Karagwe wala haihesabu kuwa harufu kwa sababu ameivuta tangu siku ya kwanza. Nikasimama pale na mfuko wangu wa nyanya, mtu mzima mwenye watoto wawili, nikitamani kumwambia yule kijana aangalie kwanza ndani, asikate tu.

Sikumwambia. Angeniona nimechanganyikiwa. Lakini nilipofika nyumbani nilikaa jikoni kwa muda bila kuwasha jiko, nikamkumbuka Kemi na wiki ile ambayo umeme ulikatika kwetu.

Kwetu ni Chonyonyo. Nyumba yetu ndiyo ilikuwa ya kwanza upande ule kuingiza umeme, na kwa muda mrefu ndiyo pekee yenye friji. Mama alikuwa anauza soda na maziwa mgando, ndiyo sababu ya kuinunua, lakini hakuiweka jikoni. Aliiweka sebuleni, mkabala na mlango, ili mgeni akiingia aione kabla ya kumwona mwenye nyumba. Juu yake alitandika kitambaa cheupe alichokifuma mwenyewe. Mimi nilikuwa naringa na friji ile kuliko hata Mama. Nilikuwa na miaka tisa na mdomo mkubwa, na nasema hivyo bila kujionea huruma.

Ndani ya ile friji, kwenye rafu ya mlangoni, kilikaa kikopo cha plastiki chenye kifuniko, na ndani ya kikopo kulikuwa na chupa ndogo kuliko kidole gumba changu. Hiyo ilikuwa dawa ya Kemilembe. Kemi alikuwa rika langu, jirani yangu, mwenzangu wa darasani, na alikuwa na kisukari. Siyo kile cha wazee tulichozoea kukisikia. Hiki kilimkamata akiwa darasa la kwanza, akakonda mpaka sare ikawa inamvuka, na walipomfikisha hospitali wakaambiwa atachomwa sindano maisha yake yote, mara mbili kwa siku, na dawa itunzwe kwenye friji. Kwao hakukuwa hata na taa. Baba yake alikuwa kwenye kazi za kuchunga ng'ombe wa watu huko Kyerwa, anaonekana mara chache.

Basi kila asubuhi kabla ya chai, na kila jioni kabla ya chakula, Mama Kemi alibisha hodi kwetu na mtoto wake. Hakuja mikono mitupu. Leo majani ya maboga, kesho maharage mabichi, keshokutwa atakuta uani hapajafagiliwa, atachukua ufagio. Nilidhani ni mwanamke anayependa sana kufagia. Alikuwa anaitoa ile chupa kwenye kikopo, anaibiringisha katikati ya viganja taratibu, ameinamisha kichwa, mpaka dawa iwe nyeupe sawasawa kama maji ya mchele. Nilijua anaomba. Nikawa na mimi nafumba macho. Baadaye sana ndipo nilipokuja kuelewa kwamba dawa ile haitikiswi, inabiringishwa tu ichanganyike. Chumba kikajaa ile harufu yake, kama ya plasta ya kidonda ikifunguliwa, na Kemi akapandisha gauni mwenyewe na kutoa paja. Halafu mama yake anasema, "Asante, Mama Jovin. Mungu akuzidishie." Jovin ni kaka yangu, wakati huo alikuwa bwenini, na likizo nyingi alibaki hukohuko. Mama anajibu, "Hata usijali, dada." Wageni wakiwapo, Mama alikuwa anawaeleza: "Dawa ya huyu mtoto iko hapa kwangu, mnaona? Hapa ndiyo hospitali yake." Mama Kemi alitabasamu, nami nikatabasamu.

Ilikuwa likizo ya kiangazi. Kahawa imeanikwa kila uwanja, vumbi jekundu limekaa juu ya majani ya migomba, na upepo wa mchana unavuma mpaka bati linalia. Jumamosi tulikuwa tunacheza rede. Nikamrushia Kemi mpira, nikaona kabisa umemgusa begani. Akabisha. Wenzangu wote wakawa upande wake, maana alikuwa mtu wa watu na mimi nilikuwa mtu wa kujua kila kitu. Nikasikia hasira inanipanda mpaka masikioni.

"Endelea kubisha," nikamwambia. "Nitamwambia mama yangu azime friji, tuone."

Hakuna aliyecheka. Kemi aliokota mpira, akauweka chini katikati ya mstari, akajifuta mikono kwenye gauni na kwenda kwao. Nilijua nimesema kitu kibaya. Sikujua kibaya kiasi gani, wala sikumfuata.

Kesho yake tulitoka kanisani, tukala, na mnamo saa tisa alasiri nikiwa sebuleni nikasikia ukimya. Mtu asiye na friji hawezi kuuelewa ukimya huo. Ile ngurumo yake, ambayo husikii mpaka ikome, ilikoma. Mama akasema kutoka uani, "Umeme umekatika," kwa sauti ya kawaida kabisa, kwani umeme kwetu ulikuwa unakatika na kurudi. Mimi nilibaki nimeikodolea macho friji. Nilijua ni mimi. Nilikuwa nimetamka mbele za watu, na siku moja tu baadaye ikawa. Kwa akili ya miaka tisa hapakuwa na maelezo mengine.

Jumatatu habari zikafika. Upepo ulikuwa umeangusha mkaratusi mkubwa juu ya nyaya, njia ya kuelekea Kituntu, nguzo zikalala zaidi ya moja. Wengine walisema siku tatu, wengine wiki. Majirani waliokuwa wamehifadhi nyama kwetu wakaja kuzichukua, na siku hiyo kila nyumba ilinukia mchuzi kana kwamba ni Krismasi. Simu zikaanza kuzima moja moja. Watu walikuwa wanataniana tu barabarani. Kwetu hakuna aliyetaniana, maana kila aliyeingia aliangalia friji kwanza halafu anamwangalia Mama.

Kliniki ya Kemi ilikuwa Alhamisi. Kabla ya Alhamisi hapakuwa na chupa nyingine, ni hiyohiyo moja, tena imeshapita nusu. Mama akatoa amri nyumba nzima: friji haifunguliwi isipokuwa na yeye, asubuhi na jioni, wakati wa sindano. "Ukiifungua, baridi inatoka," akasema. "Ikitoka hairudi."

Nilimwelewa, na hapo ndipo nilipoharibu. Niliiona ile baridi kama kuku aliyefungiwa ndani, na nikawa na wasiwasi kama bado yumo. Mama akitoka kidogo tu, naufungua mlango, naingiza mkono, nachungulia. Bado ipo. Nafunga. Nikikaa kidogo wasiwasi unarudi, nafungua tena. Siku ile ya Jumatatu sijui nilifungua mara ngapi. Kufika jioni maji yalikuwa yanachuruzika kutoka sehemu ya barafu na kulowesha nyasi tulizotandika sakafuni, na Mama anasema, "Mbona imeyeyuka upesi hivi?"

Usiku huohuo kabla ya kulala niliwasikia yeye na Mama Kemi mlangoni, wakiongea chini chini.

"Wale wa hospitali waliniambia ikipata joto inakufa," alisema Mama Kemi.

"Sasa ikifa?"

Mama Kemi aliaga tu. Nikasikia kandambili zake zikiondoka. Mimi nikajifunika shuka mpaka kichwani, nikaona mambo yote kwa mpangilio wake: dawa ikifa, Kemi anakufa, na aliyeizima friji ni mimi, na aliyeitoa baridi ni mimi vilevile.

Jumanne asubuhi Mama Kemi alipoishika chupa alisita. "Si ya baridi, Mama Jovin," akasema. Akamchoma Kemi hivyohivyo. Mama hakukaa. Alifunga kanga, akaita pikipiki, akasema anakwenda Kayanga kutafuta barafu, kwenye hoteli yenye jenereta au kwa wauza samaki, popote. Mama Kemi alikuwa na ahadi ya kuchuma kahawa kwa watu, asingeweza kukosa. Baba alishaenda zake mnadani. Nikaachiwa nyumba na Kemi pamoja.

Kemi alikaa kibarazani amenipa mgongo. Tangu Jumamosi hakuwa amesema nami neno. Mimi nikaingia ndani, nikafungua friji. Hewa iliyotoka humo ilikuwa ya uvuguvugu kama pumzi ya mtu, na ina harufu ya maziwa yaliyoharibika. Nikaichukua ile chupa na kuifumbata. Nikasikia kama naanza kulia, nikajikaza.

Sasa, kwetu mtoto yeyote anajua penye baridi ni wapi. Jua likiwaka sana tukicheza kibanjani, kwenye shamba la migomba la nyumbani, tulikuwa tunaegemeza mashavu kwenye migomba. Mgomba haupati joto. Marehemu bibi yangu alikuwa ananisimulia kwamba zamani siagi yake aliitunza ndani ya mgomba uliokatwa, akiifunika na maganda yake, na inakaa hata wiki. Na Baba alikuwa amekata ndizi Jumatatu, mikungu kadhaa, na migomba yenyewe imelala chini, mizito, inatoa maji. Nikachukua kisu cha kumenyea ndizi. Nikauchagua mnene kuliko yote, nikaupasua ubavuni, nikachimba mpaka kwenye moyo wake mweupe. Nikaingiza mkono. Jamani, baridi ile! Ilikuwa baridi kuliko friji ilivyowahi kuwa. Nikaitia chupa kwenye mfuko wa nailoni, nikaufunga fundo, nikailaza ndani, nikarudishia maganda na kukaza kwa kamba ya mgomba kuzunguka. Mikono yangu ilikuwa imeingia utomvu mpaka kwenye viwiko, na gauni halikufaa tena. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili nilipumua.

Sikumwambia Kemi. Nilitaka jioni niitoe mbele ya wote, ya baridi, nisifiwe. Tena ningeanza kueleza ningelazimika kueleza na kufungua kwangu friji, na yale maneno ya kwenye rede.

Mchana tukaenda kisimani pamoja, kwa sababu maji yalikuwa yameisha na kila mmoja alikuwa na ndoo yake. Njia ni ndefu. Tuliporudi, katikati ya kilima, Kemi akatua ndoo yake na kuniangalia usoni.

"Ulimwambia mama yako?"

"Nimwambie nini?"

"Azime."

Nikasema, "Sikumwambia." Ilikuwa kweli, lakini sauti yangu mwenyewe niliisikia kama ya mwongo.

"Basi mwambie awashe," akasema Kemi. "Mpira ulinigusa."

Akajitwisha ndoo na kuendelea. Nami nikamfuata nyuma na ndoo yangu. Watoto wawili, na hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa na shaka kwamba ni mimi niliyeushika umeme wa Chonyonyo mkononi.

Saa kumi na moja Mama alirudi amejaa vumbi mpaka kope. Alikuwa na ndoo, na ndani ya ndoo ile maganda ya kahawa yamefunika mapande ya barafu ili yasiyeyuke njiani. Alikuwa amezunguka siku nzima. Dakika chache baadaye hodi ikabishwa, Mama Kemi na majani ya kahawa kichwani bado, na Kemi kando yake. Mama akafungua friji kwa furaha ya mtu aliyeshinda, akashika kikopo, akakifungua. Akakiinamisha. Akaangalia rafu nyingine, akahamisha chupa za soda, akaangalia chini.

"Dawa iko wapi?"

Nilikuwa nimeingojea nafasi hiyo siku nzima. "Nimeiweka penye baridi," nikasema. "Iko kwenye mgomba."

"Mgomba?"

"Ile aliyokata Baba. Njooni muone."

Nikatangulia mbio. Nilipofika mahali penyewe sikuona mgomba hata mmoja. Kulikuwa na majani yaliyotawanyika, ardhi iliyolowa, na alama za gurudumu la mkokoteni. Nilizunguka na kuzunguka palepale. Mama akafika, akaziona zile alama, akajishika kichwa.

"Mzee Kanyoro," akasema. "Nimepishana naye njia panda, mkokoteni umejaa."

Mzee Kanyoro alikuwa mfugaji, makazi yake chini huko kwenye nyika ambako migomba inaishia na majani yanaanza. Yeye na Baba walikuwa na maelewano ya miaka: sisi tunampa migomba iliyokatwa, ng'ombe wapate cha kutafuna wakati wa kiangazi, yeye anatupa samadi. Anaingia kibanjani kwetu wakati wowote bila kuuliza, kama vile Baba anavyokwenda kuzoa samadi kwake. Hilo nililijua tangu nazaliwa, na wala halikunijia akilini.

Na ng'ombe wanalishwa jioni.

Mama Kemi alikuwa ameshaondoka. Nilimwona anateremka kilima ameshika kanga kwa mkono mmoja, anakimbia kama msichana. Mama alinishika mkono, tukamfuata. Kemi aliambiwa abaki, hakubaki. Nilikuwa nasikia miguu yake nyuma yetu, na nilikuwa naogopa kugeuka, maana hakutakiwa kukimbia kabla ya kula na kila mtu alilijua hilo. Tulipokaribia zizi nikasikia panga. Linakata, linatulia, linakata.

Mke wa Mzee Kanyoro alikuwa amechuchumaa mbele ya gogo, anakata mgomba vipande vipande, na ng'ombe wameshainamia fungu la kwanza. Mzee mwenyewe alikuwa amesimama langoni na fimbo yake. Na pale langoni Mama Kemi, pamoja na pumzi zake zote kumwishia, akapiga magoti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri, mzee."

"Watoto?"

"Wazima."

"Na huko juu jua mnalionaje?"

"Tunavumilia, mzee."

Panga linakata. Nilitaka kupiga kelele. Mama alinibana kidole mpaka kikauma. Mzee hakuwa na haraka, na kwa nini awe nayo, mtu hamwingilii mwenzake zizini bila kumjulia hali. Ndipo Mama Kemi akasema, bado amepiga magoti, "Mzee, naomba lile panga lisimame kwanza. Uhai wa mwanangu uko ndani ya mmoja wa hiyo migomba."

Mzee hakuuliza. Aligeuka akasema neno moja kwa Kinyambo, na panga likasimama hewani. Mama akaeleza kwa kifupi. Aliposikia kuhusu mfuko wa nailoni, uso wa mzee ukabadilika.

"Umetia nailoni kwenye chakula cha ng'ombe?" Aliniuliza mimi, siyo Mama. "Unajua ng'ombe akimeza hiyo anakufa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Kumbe nilikuwa na uwezo wa kuua vingi kwa siku moja. Aliwasukuma ng'ombe wake nyuma kwa fimbo, akapiga magoti mwenyewe kwenye mavi na kuanza kupekua vile vipande vilivyokwisha kukatwa, kimoja kimoja, akivikamua kwa vidole. Sote tukaingia. Mama, na kanga yake ya kwendea mjini. Mama Kemi alikuwa anakusanya vipande mpaka vilivyotoka midomoni mwa ng'ombe, vina mate. Mimi nilikuwa natafuta kamba yangu niliyoifunga, nikaona kamba kila mahali, maana mgomba mzima ni kamba. Kemi alikaa juu ya jiwe. Alikuwa amekumbatia magoti na anatuangalia.

Kwenye vipande hapakuwa na kitu. Mzee akahamia kwenye migomba iliyobaki mizima. Aliishika mmoja baada ya mwingine, akiipapasa kwa viganja kama anavyopapasa ng'ombe mwenye mimba. Aliupita wa kwanza, wa pili. Ule uliokuwa juu ya gogo, uliokwisha kuliwa na panga upande mmoja, akaupapasa, akasimama hapo.

"Huu una jeraha," akasema.

Akaufungua kwa mikono. Mfuko ulikuwa humo, umelowa. Kutoka hapo mpaka panga lilipokuwa limefika palikuwa na shubiri moja, wala siongezi. Mzee akaufuta kwenye shati lake, akampa Mama Kemi kwa mikono miwili.

Mama Kemi akaitoa chupa, akaiinua kwenye mwanga. Nzima. Halafu akaiweka shavuni, na nikaona uso wake unalegea. "Ni ya baridi," akasema. Akakaa chini palepale, akaanza kuibiringisha katikati ya viganja. Aliibiringisha muda mrefu kuliko inavyohitajika. Na mimi nikaanza kulia kwa sauti, na hakuna aliyeniambia ninyamaze.

Tulirudi, Kemi akachomwa, akala. Mama alikuwa ameitenga ile ndoo ya barafu, akanyoosha mkono apewe chupa aizamishe humo. Mama Kemi hakumpa.

"Nitakaa nayo mimi, Mama Jovin."

"Utakaa nayo wapi, dada? Barafu hii hapa. Nimeifuata Kayanga."

"Najua. Asante sana. Nitakaa nayo."

Akaiviringisha kwenye kitambaa kilicholoweshwa, akaondoka nayo kifuani. Mama alibaki na mkono wake hewani. Baadaye nilichapwa, kidogo tu, bila moyo. Mama alikuwa anafikiria mambo mengine.

Alhamisi walikwenda kliniki. Muuguzi akawaambia kwamba kwa hali ya hewa ya Karagwe chupa inayotumika inakaa hata mwezi bila friji, kwenye mtungi uliowekwa mchanga wenye unyevu, kwenye kona isiyopigwa jua. Wale wa hospitali ya mwanzo walikuwa hawajamweleza Mama Kemi vizuri, au walimweleza akiwa hasikii kwa hofu. Na akasema kitu kingine: inayoua dawa ile haraka kuliko joto ni barafu. Ikiganda, imekwisha. Habari hiyo ilimfikia Mama kupitia kwa watu.

Ijumaa jioni friji ikaanza kunguruma. Mama akapangusa rafu zote, akaosha kile kikopo na kukirudisha mlangoni mahali pake. Akanituma. "Nenda kamwambie Mama Kemi umeme umerudi."

Nilimkuta anachambua maharage. Kona ya chumba palikuwa na mtungi uliofunikwa kwa sahani. Nikampa salamu zangu na ujumbe wangu. Akaniangalia vizuri, wala si kwa ubaya.

"Mwambie asante. Mtungi unatosha."

Hakuja asubuhi iliyofuata, wala jioni. Hakuja tena. Uani kwetu nikawa nafagia mimi. Kemi nilionana naye shuleni, tukacheza rede tena, lakini zile asubuhi na jioni za kumwona akipandisha gauni sebuleni na kufumba jicho moja, ziliisha. Mama alisema watu hawana shukrani. Kile kikopo kilikaa tupu mlangoni kwa muda mrefu kabla hajakitilia pilipili. Mimi nilijua sababu na sikumwambia mtu: Kemi alikuwa amemweleza mama yake maneno yangu, na huyu mama ametuhukumu, na haki anayo. Nilikua na jambo hilo. Nilimaliza shule nalo, nikaolewa nalo.

Kemi ni mwalimu Kyerwa sasa, ana mtoto wa kike. Mwaka jana nilipokwenda nyumbani nilipita kwa mama yake. Amezeeka, lakini bado hakai bila kazi mkononi. Tukatafuna kahawa, tukaulizana habari za watu, kisha nikasema, kabla sijapata nafasi ya kuogopa. Nikamwambia naomba msamaha kwa yale maneno niliyomwambia Kemi, kwamba nitamwambia mama azime friji. Kwamba ninajua ndiyo sababu aliichukua dawa yake.

Akaacha kutafuna.

"Maneno gani?"

Nikamrudia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa polepole. Kemi hakuwahi kumwambia. Siku ile, wala miaka yote hiyo.

"Sasa kama siyo hayo, kwa nini hukurudi?" nikamuuliza. "Tulikukosea nini?"

"Hamkunikosea kitu, mwanangu," akasema Mama Kemi. "Nilikuwa nimechoka kusema asante."